Maziwa Yenye Sumu: Hukumu ya Kuyakamata na Kuyateketeza

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Kila inaposikika kwamba serikali imekamata shehena ya maziwa mabovu ikayachoma moto au ikayafukia, hutujia maswali mawili, na mara nyingine yote mawili hutoka katika kinywa cha mtu mmoja. La kwanza ni la mfanyabiashara: mali ya Muislamu ni haramu kwa mwenziwe kama ilivyo haramu damu yake, basi hawa wanaoingia dukani na kubeba makatoni ya maziwa wana dalili gani katika Sharia? La pili ni la mwenye huruma: katika mji wenye mayatima na mafakiri ambao mwezi huingia na kutoka bila ya wao kuonja maziwa, si israfu kuteketeza chakula? Kwa nini wasipewe hao? Na huyu wa pili, akiwa amesoma kidogo, huongeza hoja yenye uzito. Husema kwamba Imamu Malik (Allah amrehemu) alionelea maziwa yaliyoghushiwa yasimwagwe bali yatolewe sadaka.

Kauli hiyo ya Malik ipo kweli, wala si ya kubezwa. Kwa hiyo hatutamjibu muulizaji kwa kumwambia tu kwamba wakubwa wanajua wanachokifanya. Itatubidi tuirudie mas-ala hii tangu asili yake, tuone mafaqihi walikuwa wakizungumzia maziwa ya namna gani, kisha tutazame maziwa ya zama zetu yana nini ndani yake.

Aliyeyamwaga

Asili ya mlango huu ni kitendo cha Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.). Imepokewa kwamba aliyakuta maziwa yaliyotiwa maji yakiuzwa sokoni, akayamwaga. Habari hii ameitaja Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H, sawa na 1328) katika risala yake juu ya hisba, na mwanafunzi wake Ibn Al-Qayyim (aliyefariki 751 H, sawa na 1350) akaieleza katika At-Turuq Al-Hukmiyya. Ibn Taymiyya amebainisha pia sababu ya katazo: mtu anayetia maji katika maziwa yake ili ayanywe nyumbani hana kosa, ama anayetia maji ili auze, mnunuzi hawezi kujua kiasi gani ni maziwa na kiasi gani ni maji. Ubaya basi hauko katika maji. Uko katika kufichwa kwa maji.

Waislamu wa mwambao wanaijua habari nyingine ya Sayyidna Umar, ile ya usiku aliposikia mama akimuamrisha bintiye atie maji katika maziwa, na binti akakataa akisema kwamba kama Umar haoni basi Mola wa Umar anaona. Umar akamuoza binti yule kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chao akazaliwa Khalifa Umar bin Abdul-Aziz. Masheikh wetu huisimulia habari hii katika darsa za malezi. Sisi tunaitaja hapa kwa upande wake wa soko: katazo la kutia maji katika maziwa lilikwishatangazwa Madina, watu wakalijua hata majumbani, ndipo mkosaji akamwagiwa. Kutangaza kulitangulia kumwaga.

Kabla ya Umar kuna kitendo cha Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Amepokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye fungu la nafaka sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikatoka na umajimaji. Mwenye nafaka akasema ilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyoloa juu watu wakaiona, kisha akatoa lile onyo kali linalojulikana na kila muuza duka Muislamu, la kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Ndugu msomaji, zingatia kwamba katika tukio hili nafaka haikumwagwa. Ilitakiwa iwekwe wazi. Aliyetaka kununua nafaka mbichi kwa bei ya nafaka mbichi angenunua, na hakuna aliyedhurika.

Tunayo basi mambo mawili tangu mwanzo: nafaka iliyoloa ikabaki, na maziwa yaliyotiwa maji yakamwagwa. Mwenye kudhani kwamba Sharia ina jibu moja tu kwa kila bidhaa mbovu hajauingia mlango huu.

Kauli ya Imamu Malik

Malik (aliyefariki 179 H, sawa na 795) aliulizwa juu ya maziwa yaliyoghushiwa, je, yamwagwe? Akaona yasimwagwe, bali yatolewe sadaka, ikiwa mwenye nayo ndiye aliyeyaghushi. Akaulizwa juu ya zafarani na miski, akaona hukumu yake inafanana na hiyo. Mwanafunzi wake mkubwa, Ibn Al-Qasim (aliyefariki 191 H), akakubaliana naye katika kitu kidogo na akamkhalifu katika kingi. Alisema kwamba zafarani na miski vikiwa vingi mali kubwa za watu zitapotea, hivyo mwenyewe aadhibiwe kwa adhabu yenye kuuma lakini mali yake asinyang'anywe. Huko Andalusia nako wakakhitalifiana juu ya nguo zilizofumwa vibaya kwa makusudi: Ibn Al-Qattan akatoa fatwa zichomwe moto, na Ibn Attab akatoa fatwa zikatwe vipande wapewe masikini, baada ya wafumaji kuonywa na kukataa kuacha.

Ukizitazama kauli hizi utaona kwamba wote hao wanazungumzia kitu ambacho bado kinafaa. Maziwa yenye maji yananyweka. Zafarani iliyochanganywa na takataka ya rangi bado ina zafarani ndani yake. Nguo iliyofumwa vibaya inamsitiri fakiri. Walichokhitalifiana ni namna ya kumtia adabu aliyeghushi, na ni nani afaidike na mali iliyotoka mkononi mwake. Malik akaona kumwaga kitu kinachonyweka ni kukosesha faida pande zote mbili, na sadaka inamuadhibu mkosaji na kumnufaisha fakiri kwa mpigo mmoja. Ni rai nzuri mno, na laiti maziwa yanayokamatwa leo yangekuwa na maji tu, tungeifuata bila ya kusita.

Yaliyojiri China mwaka 2008

Mwezi wa Septemba 2008 serikali ya China ilitangaza kwamba maziwa ya unga ya watoto wachanga ya kampuni ya Sanlu, yenye makao yake katika mji wa Shijiazhuang, yametiwa melamini. Melamini ni kemikali inayotumika kutengenezea plastiki ngumu, na akina mama wengi wanazijua sahani zenye jina hilo. Ilikuwaje ikafika ndani ya kopo la mtoto? Jibu lake linaturudisha kwenye soko la Madina. Wakusanyaji wa maziwa walikuwa wakitia maji ili yaongezeke. Viwanda vilipima maziwa kwa kuangalia protini, na kipimo kilichotumika hakikupima protini yenyewe bali kilipima naitrojini iliyomo, kwa kuwa protini ina naitrojini. Maziwa yenye maji yakawa yanafeli kipimo. Melamini, ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojini, ikitiwa humo kipimo husoma kana kwamba protini imejaa. Sumu basi ilitiwa ili kuyaficha maji.

Watoto takriban 300,000 waliugua, wengi wao kwa vijiwe vya figo, zaidi ya 50,000 wakalazwa hospitali, na kwa hesabu rasmi 6 wakafariki. Kampuni 22 zilikutwa na melamini katika maziwa ya watoto. Vipimo vya Sanlu wenyewe vilikwishathibitisha jambo hilo mwanzoni mwa Agosti, na watu hawakuambiwa mpaka Septemba. Mwenyekiti wa kampuni akahukumiwa kifungo cha maisha Januari 2009, na watu wawili waliohusika na kutengeneza na kuuza sumu hiyo wakauawa kwa hukumu ya mahakama Novemba mwaka huo huo. Nchi nyingi zilipiga marufuku maziwa ya China, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Kazi hiyo wakati ule ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), na tangu 2019 upande wa chakula Tanzania Bara umehamia Shirika la Viwango (TBS).

Hapa ndipo tunapoielewa hekima ya Sayyidna Umar kwa namna ambayo huenda hatukuielewa tulipoisoma vijana. Maji peke yake hayaui. Lakini aliyezoea kuficha maji atahitaji siku moja kitu cha kuyafichia, na hatachagua kwa kumfikiria mtoto wa mtu.

Sasa turudi kwa muulizaji wetu mwenye huruma. Maziwa ya namna hii yakitolewa sadaka, ni nani atakayeyanywa? Mtoto wa fakiri. Na figo la mtoto wa fakiri halina ngozi ngumu zaidi kuliko la mtoto wa tajiri. Allah (S.W.) katika Surat Al-Baqara, aya ya 267, ametukataza tusikusudie kutoa vilivyo vibaya ambavyo sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Ikiwa tende mbovu haikubaliwi, itakuwaje sumu? Kauli ya Malik haiwezi kuchukuliwa kutoka kwenye maziwa yanayonyweka ikapelekwa kwenye maziwa yanayoua, kwa kuwa sababu iliyoijenga, nayo ni kunufaika kwa fakiri, imeondoka.

Na yule mfanyabiashara anayetusomea aya ya 29 ya Surat An-Nisaa, inayokataza kuliana mali kwa batili, tunamuomba aisome mpaka mwisho wake. Aya hiyo hiyo moja inakataza kuzila mali kwa batili kisha inakataza kuziua nafsi. Mafaqihi wetu wa Kishafi wameweka manufaa kuwa ni sharti ya kitu kinachouzwa. Kisicho na manufaa yanayotambuliwa na Sharia hakiuziki, na pesa inayopokelewa kwa ajili yake ndiyo mali iliyoliwa kwa batili. Kopo la maziwa lenye melamini lina bei kwenye karatasi ya ukutani, lakini katika fiqhi halina thamani. (Na kwa faida ya wanaotuuliza juu ya zaka ya biashara: kopo hilo halihesabiwi katika mtaji mwisho wa mwaka.)

Kwa nini kuteketeza, isiwe kufungia tu?

Wapo wanaosema: sawa, yakamatwe, lakini yafungiwe ghalani, pengine patapatikana matumizi mengine. Hoja hii nayo ina asili katika fiqhi. Amepokea Bukhari kutoka kwa Maymuna (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya panya aliyeanguka ndani ya samli, akaamuru atolewe yeye na samli iliyomzunguka, kisha iliyobaki iliwe. Wanavyuoni wakasema hiyo ni samli iliyoganda. Ama iliyoyayuka, najisi hutapakaa kote, na wengi wao wakaruhusu isiliwe bali iwashiwe taa nje ya msikiti. Kwa hiyo kitu cha maziwa kilichoharibika kwa chakula kinaweza kubaki na faida nyingine.

Sisi tunaikubali kanuni hiyo pale matumizi mengine yanapokuwa salama na yenye kulindwa. Lakini tazama yaliyotokea. Mwaka 2007, kabla ya mkasa wa watoto, melamini kutoka China ilikwishaingia katika chakula cha paka na mbwa huko Marekani na wanyama wengi wakafa. Oktoba 2008 mayai yenye melamini yalipatikana Hong Kong, na shaka ikaelekezwa kwenye chakula cha kuku. Aliyedhani kwamba sumu akiipeleka kwa mifugo ameiondoa kwa watu, imemrudia kwa mlango wa nyuma ikiwa ndani ya ganda la yai.

Kubwa kuliko hilo ni yaliyoonekana mwaka 2010. Maziwa ya unga yenye melamini yalirudi tena sokoni nchini China, yakapatikana hata katika mikoa ya mbali ya Qinghai na Gansu. Ilibainika kwamba ni mabaki ya mwaka 2008 ambayo yalitakiwa yateketezwe, hayakuteketezwa, yakawekwa, na watu walipoanza kusahau yakauzwa kama malighafi ya kutengenezea bidhaa nyingine. Isije ikadhaniwa kuwa hii ni tabia ya Wachina peke yao. Ufaransa, nchi yenye sifa ya jibini na siagi, Desemba 2017 kiwanda cha kampuni ya Lactalis kilichoko Craon kilikutwa na vijidudu vya salmonela katika maziwa ya watoto, na makopo zaidi ya milioni 12 katika nchi 83 yakatakiwa yarudishwe. Januari 2018 maduka makubwa ya nchi hiyo yakakiri kwamba baadhi ya makopo hayo yaliendelea kuuzwa baada ya amri. Pesa iliyomo ndani ya shehena inaendelea kuita, na ghala lenye kufuli lina ufunguo, na ufunguo una mtu.

Ibn Taymiyya, alipokuwa akitafuta dalili za kuharibu kitu cha munkari, alikitaja kisa cha Nabii Musa (a.s.) na ndama wa Samiri. Ndama yule, kama ilivyo katika Surat Taha, aya ya 97, alichomwa kisha akatawanywa baharini. Kama lengo lingekuwa kuondoa sanamu peke yake, kuchoma kungetosha. Kutawanya baharini kumezuia asirudi.

Mpaka wa kuharibu

Pamoja na hayo, kuruhusiwa kuteketeza si kuruhusiwa kuteketeza chochote kilicho karibu. Siku ya Khaybar Masahaba walipika nyama ya punda wa mjini, Mtume (s.a.w.) akaamuru imwagwe na vyungu vivunjwe. Mtu mmoja akauliza: au tumwage na tuvioshe? Mtume (s.a.w.) akakubali iwe hivyo. Hadithi hii imo katika Sahih Bukhari kutoka kwa Salama bin Al-Akwa' (r.a.), nasi tunaona ni hazina kwa maofisa wa ukaguzi. Kilichoharibika kilimwagwa bila ya mjadala; chombo, kilipoonekana kinasafishika, kikasalimika.

Basi maziwa ya bechi moja yakithibitika kuwa na sumu, na yanayoizunguka bechi ile yakiwa na shaka, hayo ndiyo panya na samli iliyomzunguka. Mchele, biskuti na mafuta ya kupikia yaliyomo katika duka hilo hilo hayamo. Friji halimo. Gari lililobeba halimo, isipokuwa kwa hukumu nyingine ya kadhi au hakimu. Ama maziwa mabichi yaliyokusanywa kutoka kwa wafugaji thelathini yakamiminwa katika tangi moja, hiyo ni samli iliyoyayuka, na yote yana hukumu moja hata kama mharibifu ni mmoja kati ya thelathini.

Yupo anayeweza kusema: madhehebu yetu ya Shafi, kwa kauli ya mwisho ya Imamu, hayakubali kumuadhibu mtu kwa kumtwalia mali yake, na ndiyo rai ya jamhuri, huku Ibn Taymiyya na Ibn Al-Qayyim wakiruhusu. Ni kweli. Lakini adhabu na kuondoa madhara ni vitu viwili. Adhabu inamtazama mkosaji: alijua, alikusudia? Kuondoa madhara kunatazama kitu: kinadhuru au hakidhuru? Anayemzima moto jirani yake hamuadhibu. Maziwa yenye sumu yanateketezwa hata yakiwa ya mchamungu asiyejua lolote, kama ilivyomwagwa mvinyo ya mayatima mikononi mwa Abu Talha (r.a.), ingawa mayatima hawakuwa na dhambi. Wanavyuoni wa Dola ya Uthmaniyya walipoiandika Majalla kati ya 1869 na 1876 waliiweka kanuni hii katika kifungu cha 26: madhara ya mtu mmoja hubebwa ili kuepusha madhara ya umma. Faini na kifungo ndivyo vinavyohitaji kuthibitishwa kosa la mtu. Na tumeona mara nyingi watu wakichanganya mawili haya, mwenye duka akatangazwa mhalifu kwa sababu tu maziwa yalikutwa kwake.

Nani ateketeze? Al-Ghazali (aliyefariki 505 H, sawa na 1111) katika Ihya amefafanua kwamba kuharibu vyombo kwa ajili ya kukemea na kutia adabu ni kazi ya watawala, raia hawana ruhusa hiyo. Vijana wanaovamia duka na kulichoma kwa sababu wamesikia lina maziwa mabovu wamefanya uhalifu, na wanadaiwa thamani ya kila kizuri walichokiunguza.

Katika dola za Kiislamu kazi hii ilikuwa ya muhtasib. Al-Mawardi (aliyefariki 450 H, sawa na 1058) amemwekea mipaka: anashughulika na munkari uliodhihiri, wala hachunguzi ya siri za watu, isipokuwa akipashwa habari na muaminifu juu ya jambo ambalo likitokea haliwezi kurudishwa, kama kuuawa mtu. Sumu ndani ya maziwa ya watoto ni ya aina hiyo, hivyo ofisa mwenye habari ya kuaminika aingie ghalani. Na lazima awe na kipimo. Vitabu vya hisba vimemfundisha muhtasib achovye unywele katika maziwa na kuutoa: maziwa yakiganda juu yake kwa matonematone ni halisi, na ukitoka mtupu yana maji. Unywele huo leo ni maabara. Kuharibu mali ya mtu kwa dhana, bila ya kipimo na huku mali haiko katika hatari ya kukimbizwa, ni dhulma, na ofisi ikikosea inawajibika kulipa.

Hasara ni ya nani?

Hapa ndipo penye machozi, kwa sababu anayekutwa na kopo mara nyingi siye aliyelitia sumu. Ni mwenye duka la mtaani, amenunua katoni mbili kwa muuzaji wa jumla, naye kanunua kwa muagizaji. Ibn Rushd wa Qurtuba, babu wa yule mwanafalsafa, katika kuifafanua kauli ya Malik, ameeleza kwamba asiyeghushi yeye mwenyewe, bali kanunua, karithi au kapewa, hakuna khilafu kwamba hatolewi kitu sadaka kwa lazima. Hasara basi imfuate aliyeileta.

Njia yake katika fiqhi iko wazi. Mafaqihi wa Kishafi wamezungumzia aliyenunua yai, akalivunja, akalikuta limeoza halina thamani yoyote: anarudishiwa pesa yake yote, kwa kuwa kilichouzwa hakikuwa mali. Maziwa yenye sumu ni yai lililooza. Mwenye duka anamrudia muuzaji wa jumla, huyo anamrudia muagizaji, na muagizaji anakirudia kiwanda. Lakini atathibitishaje, na makatoni yamekwisha kuwa majivu? Kwa hiyo tunasema kwamba ofisa anayechukua bidhaa bila ya kuacha stakabadhi inayoonyesha idadi, jina, namba ya bechi na sababu, amemharibia mtu haki yake hata kama alikuwa na haki ya kuteketeza. Aya ya deni katika Surat Al-Baqara imetuamrisha kuandika katika miamala tuliyoridhiana. Inayochukuliwa kwa amri ina haki zaidi ya kuandikwa. Na mwenye duka naye asiyedai risiti anaponunua asimlaumu mtu.

Iko hali nyingine ambayo kwetu Afrika Mashariki ni ya kila mwaka kuliko melamini, nayo ni sumukuvu. Ng'ombe akilishwa mahindi au pumba zilizoota ukungu, sumu ile hupita mwilini mwake na kutoka katika maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Mfugaji huyu hakughushi, na huenda yeye na watoto wake ndio wanywaji wa kwanza. Asiadhibiwe, afundishwe kukausha na kuhifadhi chakula cha mifugo. Maziwa yake yaliyothibitika kuzidi kiwango yamwagwe. Na Baitul-Mali, pale ilipo, au mfuko wa serikali, pale usipokuwepo, ukimsaidia utakuwa umefanya jambo jema, maana kumwaga bila ya kumshika mkono kutamfundisha jambo moja tu: kesho yake asiyapeleke maziwa kituoni yakapimwa, ayauze njiani kwa vidumu.

Limebaki suala la wanaofukua. Bidhaa zikitupwa jalalani bila ya kuunguzwa, watu huzifukua, wengine kwa njaa na wengine kwa biashara. Anayefukua kwa biashara anauza sumu akijua, na pato lake ni haramu. Anayefukua kwa njaa bila ya kujua hana dhambi. Dhambi yake iko kwa yule aliyetia saini kwamba mzigo umeteketezwa, naye ameuacha chini ya shubiri moja ya udongo.

Wallahu a'lam.